ORDINATERE MPYA: TUGEUZE BIOS AO TUIACHE?



Munajua wote kwamba shule yetu imepata ordinatere mpya ya mezani, zawadi ya wanafunzi wa zamani. Iko katika biro ya Mama Sekretere. Ndani yake ndimo mapwenti ya madarasa yote yataandikwa, na ndimo majina ya darasa la sita yatatayarishwa kwa ajili ya Egzeta. Kwa hiyo mashini ile si kitu cha kuchezea. Ikikufa, si Mama Sekretere peke yake atakayelia.

Siku ya tatu tu, ulizo likatokea. Mwanafunzi mmoja wa darasa la tano, mwenye nguvu katika informatiki, aliona kwamba BIOS ya mashini ile ina tarehe ya mwezi wa 3, 2024, na watengenezaji wamekwisha kutoa BIOS zingine za nyuma yake. Akaomba igeuzwe. Mama Sekretere akakataa: "Mwana wangu, mashini ni mupya, iko inatembea muzuri. Munataka kuigusa juu ya nini?" Yule akajibu kwa heshima: "Mama, ni mupya kwa katoni yake tu. Maandiko ya ndani ni ya zamani."

Hata walimu waligawanyika. Bwana Prefe hakukata neno palepale. Alituomba sisi wa komite ya wanafunzi tuchunguze jambo hili pamoja na mwalimu wa informatiki, kiisha tulieleze katika gazeti letu ili kila mtu afahamu. Ndiyo kazi tunayofanya hapa.

1. BIOS ni nini?

Ukibonyeza kifungo cha kuwasha, ordinatere haijui kitu. Haijui kama ina diski, ao klavye, ao ekrani. Windows yenyewe ingali inalala ndani ya diski, na lazima kuwe mwenye kuiamsha. Huyo mwenye kuamsha ndiye BIOS: programu ndogo iliyoandikwa katika kipande kidogo cheusi kilichobandikwa juu ya kadi-mama. Inachunguza memoire, inatafuta klavye na diski, halafu inaikabizi Windows kazi.

Fikirini zamu wetu. Anaamka mbele ya watu wote, anafungua milango, anapiga kengele. Zamu asipoamka, hata Bwana Prefe atakuta mlango umefungwa, na sisi wote tutabaki inje na vitabu vyetu mkononi.

Herufi BIOS ni kifupi cha maneno ya Kiingereza, maana yake ni mpango wa msingi wa kuingiza na kutoa. Jina hilo lilitolewa na Mmarekani Gary Kildall katika programu yake CP/M, mwaka 1975. Katika ordinatere ya IBM ya mwaka 1981, BIOS iliandikwa mara moja tu katika kipande chake. Kuigeuza kulitaka kutoa kipande kile na kuweka kingine. Nyuma yake, katika miaka ya 1990, vikaenea vipande vinavyoweza kuandikwa upya bila kutolewa. Mashini za leo zina namna mpya inayoitwa UEFI, lakini watu wameendelea kusema BIOS, na sisi tutasema vilevile.

Faida na hatari vikaingia pamoja kwa mlango huo. Tarehe 26 mwezi wa 4, 1999, virusi iliyoitwa CIH, iliyoandikwa na mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu kule Taiwan, iliharibu ordinatere nyingi sana, zaidi katika Asia. Katika mashini fulani ilifuta hata BIOS. Kitu kinachoweza kuandikwa upya, kinaweza pia kufutwa.

2. Hatari iko wapi?

Kugeuza BIOS ni kufuta maandiko ya zamani na kuandika mengine mahali pale pale. Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Lakini umeme ukikatika katikati, kipande kinabaki na nusu ya maneno. Ukibonyeza kifungo, utasikia ventilatere inazunguka, lakini ekrani inabaki giza. Kuweka Windows upya hakutasaidia, kwa sababu hakuna wa kuiamsha. Zamu amekufa usiku.

Ordinatere ya kubeba ina bateri yake. Ile ya mezani haina. Inazimika pamoja na taa, sekunde ile ile. Na umeme wa hapa kwetu munaujua, hatuna haja ya kueleza zaidi.

Kadi-mama fulani zina msaada: zingine zina vipande viwili vya BIOS, zingine zina kifungo nyuma cha kuandikia BIOS kutoka kwa flashi hata kama ile ya ndani imekufa. Tuligeuza mashini yetu, tukatazama nyuma kwa taa ya simu: kifungo hicho hakiko. Na katika kitabu chake, vipande viwili havitajwi. Maana yake, tukikosa, itabidi kutafuta fundi mwenye chombo cha kuandikia kipande, ao kununua kadi-mama nyingine. Feza hiyo haiko katika kasha la shule.

Kwa hiyo wanaosema "tuiache" si waoga. Shauri lao ni zuri mara nyingi. BIOS nyingi mpya zinatolewa ili kadi-mama ikubali prosesere ambazo wewe hauna, ao memoire ambazo hautanunua. Kuhatarisha mashini juu ya vitu hivyo ni bure.

3. Basi kwa nini kuigeuza?

Wanafunzi fulani walituambia: "Simu yangu inajigeuza kila mwezi, ordinatere nayo ifanye vile." Sababu hiyo tumeikataa. Mpya si lazima kuwa bora kwako. Sababu ya kweli inaandikwa na watengenezaji wenyewe: pembeni ya kila BIOS wanaeleza inatengeneza kosa gani. Ni lazima kusoma pale.

Tulisoma. Tangu ile ya mwezi wa 3, 2024, tulikuta mistari mingi isiyotuhusu. Lakini mmoja ulitushtua, juu ya prosesere. Yetu ni Core i7-14700, ya kizazi cha 14 cha kampuni Intel.

Jambo lenyewe ni hili. Watu wengi duniani walilalamika kwamba mashini zenye prosesere za kizazi cha 13 na cha 14 zinazimika, ao programu zinaanguka bila sababu. Katika mwezi wa 7, 2024, Intel yenyewe ilieleza kwamba maagizo ya ndani ya prosesere yalikuwa yanaomba volti kupita kiasi. Prosesere za mezani za wati 65 na zaidi ndizo zilizohusika, na yetu iko ndani ya hesabu hiyo. Katika mwezi wa 8, 2024, ikatoa maagizo mapya yenye alama 0x129, yanayozuia prosesere kuomba zaidi ya volti 1.55. Yakafuata 0x12B katika mwezi wa 9 mwaka ule ule, na 0x12F katika mwezi wa 5, 2025. Intel ikaongeza pia miaka 2 ya garanti juu ya prosesere hizo. Na njia ya kawaida ya maagizo hayo kuingia katika mashini ni BIOS.

Sasa musikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo ulizo lote linasimama. Volti zile zinaichosha prosesere polepole. Ni ugonjwa usio na maumivu mwanzoni: mashini inatembea muzuri, kama Mama Sekretere alivyosema, na kumbe inaliwa ndani. Na Intel ilisema wazi kwamba maagizo mapya hayaponyeshi prosesere iliyokwisha kuharibika. Yanailinda tu ile ingali nzima. Basi, kungojea alama za ugonjwa ni kungojea mpaka dawa isiwe na kazi. Upya wa mashini, uliokuwa sababu ya kuiacha, uligeuka kuwa sababu ya kufanya haraka.

Wengine wataliza: mashini mpya inawezaje kuwa na BIOS ya zamani? Jibu ni rahisi. BIOS iliandikwa siku kadi-mama ilipotengenezwa. Kiisha mashini ikakaa katika depo, ikasafiri, ikafika kwetu. Katoni haijigeuzi ndani ya depo.

4. Namna tulivyokata neno

Tulijiuliza maulizo matatu, na tunawaachia ninyi pia:

a) Je, watengenezaji wametaja kosa linalotuhusu kabisa? Ikiwa hapana, tunaacha.
b) Je, kosa hilo ni zito kuliko hatari ya kugeuza? Ikiwa hapana, tunaacha.
c) Je, tunaweza kushika umeme mpaka mwisho wa kazi? Ikiwa hapana, tunangoja mpaka tuweze.

Kwa mawili ya kwanza jibu lilikuwa ndiyo. Kwa la tatu, jibu lilikuwa bado. Bwana Prefe akakubali, lakini akasema: "Musiiguse mpaka munionyeshe umeme."

5. Namna tulivyofanya

Kwanza mwalimu alibonyeza kifungo cha Windows pamoja na R, akaandika msinfo32. Pale tulisoma jina kamili la kadi-mama na tarehe ya BIOS, tukaandika katika daftari. Jina likikosa hata herufi moja, unaweza kuchukua BIOS ya mashini nyingine. Tulichukua ile ya kwetu mahali pa watengenezaji wenyewe, si kwa mtu mwingine, tukaiweka katika flashi.

Pili, Mama Sekretere alinakili kazi zake zote katika flashi nyingine. Tuliandika pia ufunguo wa diski wenye tarakimu 48, kwa sababu kisha BIOS kugeuzwa Windows inaweza kuuomba.

Tatu, tulipima ondulere. Tuliwasha ordinatere, tukachomoa prizi ya ukuta, tukatazama saa: ilishika dakika 14. Hata hivyo hatukutegemea ondulere peke yake. Tuliwasha jenereta, tukapitisha umeme wake katika ondulere, na ondulere katika mashini. Kama jenereta ingezimika, dakika 14 zingetosha.

Nne, siku ya posho asubuhi, mwalimu aliingia katika BIOS kwa kubonyeza Delete, akachagua maandiko yaliyo katika flashi, akakubali. Mtu mmoja alisimama mlangoni ili asiingie mtu, mwingine kwenye jenereta. Kazi ilichukua dakika 6. Kiisha mashini ikajizima, ikajiwasha, ekrani ikabaki giza karibu dakika 2. Mmoja wetu akanyoosha mkono kwenye kifungo, mwalimu akamshika. Kumbe mashini ilikuwa inachunguza memoire upya, jambo la kawaida. Nembo ikaonekana, kisha Windows. Mama Sekretere akapiga makofi.

Mwisho tulirudia msinfo32: tarehe ni mpya. Tulirudisha mipango ya BIOS kama ilivyokuwa katika daftari letu, kwa maana kugeuza kunaweza kuifuta.

6. Shauri letu

Wengine wameuliza kama tutageuza pia ordinatere nne za zamani katika chumba cha informatiki. Tulisoma maelezo yao vilevile. Hatukuona kosa hata moja linalotuhusu. Tutaziacha, na hakuna mwanafunzi aliye na ruhusa ya kuzigusa. Tunalisema hili kama kapita.

Bwana Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: aketi kwanza, ahesabu gharama. Mwanafunzi wa tano alikuwa na haki, na Mama Sekretere naye alikuwa na haki. Tofauti ilimalizwa na kusoma, kupima na kungoja, si na kelele. Ordinatere inafanya kazi, na mapwenti ya kipindi cha kwanza yameanza kuingia. Wenye mapwenti ya chini wasiseme ni BIOS.



Kapita wa wanafunzi, darasa la sita, kwa ajili ya komite