Koa wa baharini anayeiba ukijani wa mwani

Ukame ukiingia, mbuzi hukonda kwa sababu majani yamekwisha. Hata asimame juani kutwa nzima hawezi kushiba. Kupika chakula kwa mwanga wa jua ni kazi ya mimea, kama wengi wetu tulivyofundishwa shuleni. Lakini baharini kuna wanyama wadogo wanaokaribia kuivunja kanuni hiyo.

Wanaitwa makoa wa baharini, ndugu za konokono lakini hawana gamba. Tunaowazungumzia hapa hula mwani. Koa hutoboa mwani kwa jino lake na kufyonza vilivyomo ndani. Katika uji huo mna chembe za kijani ziitwazo kloroplasti, ambazo ndizo jiko la mmea. Vingine vyote koa huvisaga tumboni, ila nyingi ya kloroplasti hizo huziacha nzima na kuzihifadhi ndani ya seli za utumbo wake. Utumbo huo umetawanyika matawi matawi mwili mzima, ndiyo maana ukimwona utadhani ni jani.

Anayejulikana zaidi ni Elysia chlorotica, wa pwani ya mashariki ya Marekani na Kanada. Akishashiba mwani wake, anaweza kukaa miezi 9 hivi bila kula tena, mradi apate mwanga. Kwa miaka mingi ilielezwa kwamba anaishi kwa jua, kama mmea.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Kloroplasti huchakaa kwa jua, na vifaa vingi vya kuitengeneza hutoka kwenye kiini cha seli ya mwani. Koa ameiba jiko, fundi wake kamwacha. Mwaka 2013 watafiti nchini Ujerumani walitoa matokeo ya jaribio rahisi: makoa wa aina ya Plakobranchus ocellatus waliwekwa bila chakula, wengine kwenye mwanga na wengine gizani. Wa gizani hawakufa upesi, na walikonda karibu sawa na wenzao wa kwenye mwanga. Ikaonekana kwamba, kwa koa huyo angalau, kloroplasti ni akiba ya ghalani zaidi kuliko jiko.

Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walieleza walichokiona kwa Elysia crispata, koa wa bahari ya Karibi. Ndani ya seli zake kloroplasti hukaa kwenye vifuko maalumu, ambamo huendelea kufanya kazi zikipata mwanga. Njaa ikizidi sana, rangi ya koa hubadilika kutoka kijani kuwa ya machungwa. Hapo anazisaga zile kloroplasti alizozitunza na kuzila.

Sisi tunaona mfugaji atamwelewa koa huyu haraka kuliko mtu mwingine. Ng'ombe anakamuliwa maziwa wakati wote, lakini shida ikifika shingoni anachinjwa. Kukamua na kuchinja havipingani. Huenda ubishi ulidumu kwa sababu kila upande ulishika kimoja tu. Kiasi gani cha shibe hutoka kwenye jua bado kinabishaniwa, na si lazima kilingane kwa aina zote za makoa.

Kuna jambo jingine la kushangaza zaidi. Mwaka 2021 watafiti wa Japani walieleza jinsi koa mwingine wa jamii hii, Elysia marginata, anavyojikata kichwa mwenyewe. Kichwa hutambaa na kuuacha mwili pamoja na moyo na sehemu kubwa ya utumbo. Saa chache baadaye vichwa vya makoa vijana huanza kula mwani, baada ya wiki moja hivi moyo mpya umeanza kuota, na kwa takriban wiki tatu mwili mzima umerudi. Watafiti hao wanadhani kloroplasti zilizobaki kichwani ndizo humshikilia koa katika siku ambazo hana tumbo. Kwa makoa wazee mambo ni tofauti: vichwa vyao havikula chochote, vikafa baada ya siku 10 hivi.