Bukoba, mji wa migomba

UKIVUKA daraja la Rusumo na kuelekea Ziwa Victoria, utafika Bukoba, makao makuu ya Mkoa wa Kagera, Tanzania. Mji huo, ulioanzishwa na Emin Pasha mwaka 1890 kama kituo cha Wajerumani, umezungukwa na vibanja ambamo Wahaya hupanda migomba pamoja na kahawa. Sisi tuliosomea ukimbizini mkoani humo tulikuzwa na ndizi hizo.

Lakini mwaka 2006 mnyauko uligundulika Kagera, baada ya kuonekana Uganda mwaka 2001 na hapa Rwanda mwaka 2005. Ndizi huiva kabla ya wakati, ndani zimeharibika, kisha mgomba hufa. Bakteria wake huenezwa na wadudu, panga na machipukizi yenye ugonjwa.

Ndugu wafanyabiashara wa mpakani, nunueni mikungu, lakini msivushe machipukizi yasiyokaguliwa. Nanyi mliorudi mkaanza kulima, pitisheni panga motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Ua dume livunjeni kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu.

Wahenga walisema mgomba haushindwi na mkunguwe. Panga chafu, hata hivyo, huushinda.