Damu ya Mwenyewe na Damu ya Nduguye

Wazazi wanaotarajia mtoto, hasa wenye wasaa wa fedha na waliopata kusoma matangazo ya nchi za nje, huniuliza mara kwa mara kama ni busara kulipia damu ya kitovu cha mtoto wao ihifadhiwe katika baridi kali, iwe akiba yake siku atakapougua. Na kwa kuwa swali hili hutoka katika mapenzi, halistahili kujibiwa kwa neno moja la ndiyo au la, bali kwa kueleza kwanza damu hutoka wapi, ni kitu gani kilichomo ndani ya kitovu, na kwa nini maradhi ya damu yanayowasumbua mno watoto wa pwani yetu na wa kandokando ya maziwa makuu, yaani selimundu, hayaponyeki kwa damu ya mgonjwa mwenyewe mpaka damu hiyo irekebishwe katika asili yake.

Chembe nyekundu ya damu haiishi zaidi ya siku 120 hivi, na baadhi ya chembe nyeupe hazimalizi hata juma. Kwa hiyo mwili wa mtu mzima, amelala au yu macho, hauna budi kuzalisha chembe nyekundu zipatazo milioni mbili kwa kila sekunde. Kazi hiyo hufanyika ndani ya uboho, ule ute mwekundu ujazao mashimo ya mifupa, hasa ya nyonga, ya kifua na ya uti wa mgongo. Walakini katika uboho wenyewe karibu chembe zote ni za muda, zilizokwisha kushika njia ya kuwa hiki au kile, na ni chache mno, moja katika maelfu mengi, zilizo asili ya zote. Hizo ndizo seli shina za damu, nazo zina tabia ya mgomba, ambao huzaa mkungu wake ukafa, lakini kabla ya kufa umekwisha kuacha ubavuni chipukizi linalofanana nao kwa kila hali: seli shina igawanyikapo, sehemu moja huenda kufanya kazi ya damu na kuisha, na nyingine husalia seli shina kama ile ya kwanza, hata akiba isikatike kwa miaka 80 au 90 ya uhai wa mtu.

Kuwako kwa chembe hizo kulithibitishwa kwa njia ya msiba. Baada ya Hiroshima na Nagasaki, mwaka 1945, wataalamu walitaka kufahamu kwa nini watu waliosalimika na moto wa bomu walikufa majuma kadhaa baadaye kwa kutokwa na damu na kwa maambukizo, na jawabu lilikuwa kwamba mionzi huua uboho kabla ya viungo vingi vingine. Huko Toronto, nchini Kanada, mwanafizikia James Till na tabibu Ernest McCulloch waliwapiga panya mionzi ya kiasi cha kuua, kisha wakawatia mishipani chembe za uboho wa panya wazima. Panya wakaishi, na juu ya wengu zao vikaota vinundu ambavyo hesabu yake ilikwenda sambamba na hesabu ya chembe zilizotiwa. Kila kinundu, kama ilivyokuja kuhakikishwa, kilikuwa kizazi cha chembe moja tu, na ndani yake mlikuwa na damu ya namna mbalimbali. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1961, nami sioni majaribio mengi katika elimu ya tiba yaliyosema mengi hivyo kwa vyombo vichache hivyo.

Upandikizaji wa uboho kwa binadamu, ambao ulimpatia E. Donnall Thomas wa Marekani tuzo ya Nobel mwaka 1990, ulikuta kikwazo ambacho panya wa maabara, waliozaliwa kwa nasaba moja, hawakukionyesha. Kila mtu amebeba juu ya chembe zake alama za urithi, nusu kutoka kwa baba na nusu kwa mama, na chembe za kinga hazivumilii alama ngeni; mwili waweza kuukataa uboho wa mgeni, na lililo baya zaidi, uboho wa mgeni waweza kuukataa mwili, ukaushambulia katika ngozi, ini na matumbo. Ndugu wa baba na mama mmoja hulingana kwa alama mara moja katika kila mara nne, kwa hiyo wagonjwa walio wengi hawana ndugu wa kuwafaa.

Hapo ndipo kilipoingia kitovu. Kwetu kitovu na kondo la nyuma huzikwa kwa heshima, na mtu huuliza kilipozikwa kitovu chake anapotaka kujua kwao ni wapi. Hospitalini, karibu duniani kote, vilikuwa vikitupwa. Mwezi wa Oktoba 1988, katika hospitali ya Saint-Louis mjini Paris, tabibu Eliane Gluckman alimpa mtoto wa kiume kutoka Marekani, mwenye ugonjwa wa kurithi uitwao anemia ya Fanconi, damu ya kitovu cha dada yake mchanga, ambayo Hal Broxmeyer na wenzake wa Indiana walikuwa wameipima na kuigandisha kabla haijavushwa bahari. Mtoto alipona, na tangu siku hizo damu yake huzaliwa na chembe za dada yake. Kitovu kimoja hutoa damu ipatayo mililita 100, kiasi kidogo, lakini chembe za kinga zilizomo bado ni changa na zina uvumilivu, hata mlingano wa alama usipokamilika madhara huwa haba. Kasoro yake ni hicho kiasi chenyewe: mtoto humtosha, mtu mzima aghalabu humpungukia, na damu mpya huchelewa kuota, mgonjwa akikaa siku nyingi zaidi bila kinga.

Sasa naweza kuwajibu wazazi wale. Mtoto aliyezaliwa na selimundu, damu ya kitovu chake ina selimundu vilevile, maana kosa limo ndani ya kila chembe tangu kutungwa mimba. Kuihifadhi kwa ajili yake mwenyewe ni kuhifadhi ugonjwa. Lakini damu ya kitovu cha ndugu yake atakayezaliwa mzima, ikiwa alama zimelingana, ni dawa iliyothibitika, na familia iliyo na mgonjwa tayari ina sababu nzuri ya kumwomba mkunga aikusanye. Wanaouza hifadhi hizo kwa kila mzazi, mwenye mgonjwa nyumbani na asiye naye, hawaielezi tofauti hiyo kwa kadiri iwapasavyo, nami nachelea fedha nyingi hupotea katika kimya hicho.

Kosa lenyewe ni dogo kupita kiasi cha kusadikika. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa hemoglobini ya wagonjwa hutembea kwa namna yake inapopitishwa katika umeme, na mwaka 1957 Vernon Ingram akabainisha sababu: katika mfululizo wa asidi amino, mahali pa sita, asidi ya glutamiki imetoka na valini imekaa mahali pake, basi. Badiliko hilo likitoka kwa wazazi wote wawili, chembe nyekundu hupinda kama mundu zinapopungukiwa na hewa, huziba mishipa midogo na kuvunjika upesi. Likitoka kwa mmoja tu, aliyerithi huwa mzima, tena hupata hifadhi dhidi ya malaria kali. Jambo hilo alilithibitisha Anthony Allison, aliyekulia Kenya, ambaye mwaka 1949 alikuta jeni hiyo imeenea pwani na karibu na ziwa Victoria, na katika nyanda za juu zisizo na malaria ni adimu, akaichapisha hoja yake mwaka 1954. Wazee wetu walilipa salama ya wengi kwa uchungu wa wachache, bila kujua.

Ikiwa damu ya mwenyewe ina kosa, na damu ya mwingine haipatikani au ina hatari, fikira ya tatu ni kuitwaa seli shina ya mgonjwa, kuitia jeni iliyo sahihi, na kumrudishia. Kichukuzi cha jeni ni kirusi kilichoondolewa uwezo wa kuzaana, kwa kuwa kuingiza urithi wake ndani ya chembe ndiyo kazi ya kirusi. Mwaka 1993, huko Los Angeles, Donald Kohn na wenzake waliyaunganisha mambo yote niliyoyaeleza: watoto watatu, waliojulikana kabla ya kuzaliwa kuwa hawana kimeng'enya kimoja cha lazima kwa kinga, walikusanyiwa damu ya vitovu vyao wenyewe, ikatiwa jeni, wakarudishiwa siku ya nne ya maisha yao. Jeni ilikaa, lakini katika chembe chache mno, na watoto waliendelea kuhitaji sindano za kimeng'enya. Sababu yafahamika: kirusi cha namna ile huingia katika chembe inayogawanyika tu, na seli shina hukaa muda mwingi zimepumzika.

Jaribio la Paris, katika hospitali ya Necker, lilifaulu zaidi na likaumiza zaidi. Alain Fischer na Marina Cavazzana walitangaza mwaka 2000 kuwa watoto waliozaliwa bila kinga wamepata kinga kamili kwa jeni iliyotiwa katika uboho wao. Kati ya watoto wapatao 20 waliotibiwa hivyo Paris na London, watano walipata saratani ya damu katika miaka iliyofuata, na mmoja akafa, kwani kirusi kilikuwa kimejichomeka jirani na jeni iamshayo ukuaji, kikaiamsha. Majaribio yalisimamishwa, na wataalamu wakahamia kwa kirusi cha ukoo wa kile cha UKIMWI, kilichonyang'anywa sumu yake yote, ambacho huingia hata katika chembe iliyopumzika na kuchomeka bila kuamsha jirani kwa urahisi ule. Kwa kirusi cha namna hiyo, mwezi wa Oktoba 2014, Cavazzana alimtibu kijana mwenye selimundu, wa kwanza kutibiwa kwa njia hiyo.

Njia nyingine imepita mlango wa nyuma. Mtoto tumboni hutumia hemoglobini ya namna yake, isiyopinda, na ndiyo maana selimundu haijitokezi katika miezi ya mwanzo. Mwaka 2008 Vijay Sankaran na Stuart Orkin walionyesha kuwa jeni iitwayo BCL11A ndiyo iizimayo hemoglobini hiyo baada ya kuzaliwa. Kwa kimeng'enya cha kukata vinasaba, kilichowapatia Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna tuzo ya Nobel mwaka 2020, BCL11A hulemazwa ndani ya seli shina, na hemoglobini ya utotoni ikarejea. Uingereza iliidhinisha tiba hiyo Novemba 2023, na Marekani mwezi uliofuata. Mgonjwa hukusanyiwa seli zake, hungoja miezi zikitengenezwa, kisha hupewa dawa kali ya kuua uboho wa zamani, dawa iwezayo kumwondolea uzazi, ndipo arudishiwe zake. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Bei hiyo haiwezi kufika Mtwara wala Kisumu. Mwaka 2019 taasisi za taifa za afya za Marekani na wakfu wa Gates ziliahidi dola milioni 200 kutafuta jeni itakayopelekwa kwa sindano moja kwa moja mwilini, bila kukusanya seli wala kuua uboho, na huo ndio utafiti ninaoutazamia kuliko wote. Kwa sasa hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma imekwisha kuanza kuwapandikizia watoto wenye selimundu uboho wa ndugu zao. Na kwa walio wengi ipo hidroksiurea, dawa ya zamani imezwayo kila siku, ambayo huiamsha kwa kiasi hiyohiyo hemoglobini ya utotoni. Ilipojaribiwa kwa watoto wa Angola, Kongo, Uganda na Kilifi nchini Kenya, maumivu yalipungua, malaria ikapungua, na vifo vikapungua. Mtoto akipimwa tone la damu ya kisigino siku za kuzaliwa kwake, dawa hiyo yaweza kuanzwa mapema kabla maungo hayajadhurika, na haihitaji maabara ya Paris ila zahanati yenye kipimo cha damu na akiba ya dawa isiyokatika.