LORI LA TELA NA SEHEMU ZAKE

Hapo zamani mizigo mingi iliyopita Tabora ilichukuliwa na watu. Misafara ilitoka Bagamoyo pwani, ikapita Ugogo, ikavuka pori kavu la Mgunda Mkali, ikafika Tabora katika nchi ya Unyanyembe. Mingine iliendelea mpaka Ujiji, penye Ziwa Tanganyika. Wapagazi walichukua nguo, shanga na nyaya kwenda bara, na pembe za ndovu kurudi pwani. Wanyamwezi walisifiwa sana kwa kazi hiyo. Wako pia waliopita njia ile wamefungwa minyororo, nao walikuwa watumwa. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30. Mwaka 1912 reli ilifika Tabora, na kazi ya upagazi ikafifia.

Siku hizi malori hupita katika barabara ya lami itokayo Tabora kwenda Itigi na Manyoni, katika nchi ile ile iliyovukwa na misafara ya kale. Lori kubwa la tela huweza kuchukua tani 30. Mwanafunzi akipiga hesabu ataona ya kuwa hiyo ni mizigo ya wapagazi 1,000. Msafara mzima umo mikononi mwa mtu mmoja! Kwa hiyo dereva apewaye lori asilolizoea, hata ikiwa ameendesha magari madogo miaka mingi, haliwashi na kuondoka papo hapo. Kwanza hulizunguka, akalijua.

Lori hili ni vitu viwili vilivyounganishwa. Cha mbele huitwa kichwa, nacho kina injini, usukani na kiti cha dereva. Cha nyuma ni tela, lisilo na injini wala magurudumu ya mbele. Upande wa mbele wa tela hulala juu ya sahani nene ya chuma iliyo mgongoni mwa kichwa. Chini ya tela pana pini fupi ya chuma, ambayo huingia katika nafasi iliyo katikati ya sahani hiyo, ikakamatwa na komeo. Hivyo tela huweza kugeuka kulia na kushoto bila kuchomoka. Tela likiachwa peke yake husimama kwa miguu miwili ya chuma, nayo lazima ikunjwe juu kabla ya safari.

Dereva mwangalifu akiisha kuunganisha, huinama akatazama kwa macho yake kama komeo limefunga. Kisha huyazuia magurudumu ya tela kwa breki, akakivuta kichwa mbele polepole. Tela likikishika kichwa kisiende, ndipo anapoamini. Vivyo hivyo mpagazi mwenye akili hakuinua mzigo kabla ya kukaza kamba zake.

Sehemu ya pili ya kujua ni breki. Breki za gari dogo hufanya kazi kwa mafuta, lakini za lori hufanya kazi kwa upepo. Injini huendesha pampu, nayo pampu huujaza upepo katika mitungi ya chuma. Kati ya kichwa na tela hupita mipira miwili ya upepo. Mwekundu hujaza mtungi wa tela, na wa manjano hupeleka amri ya dereva akanyagapo breki. Tena, katika breki za kusimamishia mna springi zenye nguvu nyingi. Upepo ukiwapo, huzisukuma springi zikaachia magurudumu. Upepo ukitoka, springi huyakamata. Kwa sababu hiyo mpira mwekundu ukikatika njiani, tela hujifunga lenyewe.

Mtu asiyejua jambo hili huona lori limekataa kuondoka asubuhi, akadhani ni bovu. Kumbe linangoja mitungi ijae! Anayejua hutazama geji ya upepo, akasikiliza kama pana mahali panapovuja, na utingo wake hupita upande wa pili akisikiliza pia.

Hata hivyo breki nzuri zina mpaka wake. Zikikanyagwa muda mrefu katika mteremko hupata moto, na zikipata moto sana hupoteza nguvu. Mtu atokaye Manyoni kwenda Dodoma huteremka ukuta wa Bonde la Ufa. Hapo dereva hupunguza mwendo na kuingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, ili injini yenyewe izuie uzito. Malori mengi ya namna hii yana gia 12 au zaidi, na mpangilio wake si mmoja katika magari yote. Kwa hiyo dereva hujifunza mpangilio huo gari likiwa limesimama. Atakayetafuta gia katikati ya mteremko amekwisha chelewa.

Jambo la mwisho huwahusu hata watoto waendao shule. Lori la tela likikata kona, magurudumu ya nyuma hayafuati alama za yale ya mbele, bali hupita ndani zaidi. Dereva hulipeleka lori mbali kwanza, ndipo aligeuze. Asimame mtoto pembeni mwa kona ile, tela litamfikia ingawa kichwa kimempita mbali. Na ikiwa mtoto hauoni uso wa dereva katika kioo cha pembeni, ajue ya kuwa dereva naye hamwoni.

Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, aliheshimiwa kwa sababu aliijua njia, na watu wote waliomfuata walitegemea ujuzi wake. Dereva wa lori naye hutegemewa na utingo wake, na wenye mali, na kila mtu apitaye barabarani. Saa moja ya kulizunguka lori jipya na kuwauliza walitangulia kuliendesha haimpunguzii heshima. Kuuliza si ujinga.