Mwinjilisti na Baisikeli Yake

Somo: Matendo ya Mitume 8:26-40

Leo nataka tuzungumze juu ya chombo ambacho wengi wetu tumekidharau tangu pikipiki zilipojaa barabarani, nacho ni baisikeli. Tutaangalia jinsi inavyopeleka Injili mbali, hasa katika nchi hii ya Machakos, na kwa nini mimi naona kazi yake haijaisha.

Kwanza somo letu. Filipo alikuwa Samaria, mahali penye mikutano mikubwa, watu wakiamini kwa wingi. Akaagizwa aiache kazi hiyo, aende kwenye njia ya jangwa iteremkayo kutoka Yerusalemu mpaka Gaza. Huko akaliona gari la mtu mkubwa, towashi wa Ethiopia, mtunza hazina ya malkia Kandake. Filipo hakuwa na gari. Alikwenda mbio, akalifikia, ndipo alipomsikia yule mtu akisoma maneno ya nabii Isaya. Angalieni jambo hilo, ndugu zangu: alimsikia. Mwendo wao ulikuwa mwendo ambao mtu aliye kando ya njia aweza kusikia sauti ya msomaji, akauliza swali, akajibiwa, akakaribishwa kupanda. Kama angepita kwa kasi angeona vumbi tu.

Sasa njoni Ukambani. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott aliongoza kundi la kwanza la wamishonari wa Africa Inland Mission. Walifika Mombasa mwezi wa Oktoba, wakatembea kwa miguu mpaka Nzaui, ambayo siku hizi iko katika Kaunti ya Makueni, wakafika mwezi wa Desemba. Mwaka uliofuata Scott alizidi kutembea, akitafuta mahali pa kuweka vituo vingine, naye akafa kwa homa mwezi wa Desemba 1896, hajatimiza miaka 30. Chuo cha theolojia kilichofunguliwa Machakos mwaka 1962, ambacho sasa ni chuo kikuu, kilipewa jina lake.

Reli nayo ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899. Lakini ilipita katika nyanda za Athi, ikauacha mji wa Machakos kando, na makao ya serikali ya jimbo yakahamia Nairobi. Basi aliyetaka kuhubiri Mbooni, au Kangundo, au Masii, hakusaidiwa sana na garimoshi. Milima ilikuwa palepale, na miguu ilikuwa ileile.

Ndipo baisikeli ilipopata nafasi yake. Haikuwa chombo cha zamani sana. Baisikeli ya mnyororo yenye magurudumu mawili yanayokaribia kulingana ilitengenezwa na John Kemp Starley kule Coventry, Uingereza, mwaka 1885, na mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo, akaleta tairi lenye upepo ndani yake. Huku kwetu zikaja Raleigh za Uingereza, baadaye Hero za India na Phoenix za China, zile nyeusi nzito zenye keria ya chuma nyuma. Walimu walizipanda, makarani walizipanda, na wainjilisti pia. (Hata hao bodaboda wa leo walianza kwa baisikeli, wakivusha watu na mizigo katika mpaka wa Kenya na Uganda, kabla ya kupata injini.)

Tufanye hesabu kidogo. Mtu mwenye nguvu atembeaye kwa miguu akiwa na mzigo aweza kwenda kilomita 30 kwa siku, na kesho yake miguu inauma. Kwa baisikeli, katika njia isiyo mbaya sana, aweza kwenda 60 au 70. Kutoka Machakos mpaka Kitui ni kama kilomita 100. Aendaye kwa miguu atatumia siku tatu au nne. Mwenye baisikeli atalala njiani usiku mmoja, na siku ya tatu asubuhi atakuwa amefungua Biblia mbele ya watu. Tena mzigo haumo kichwani mwake. Kwenye keria amefunga Biblia, vitabu vya nyimbo, blanketi, na unga kidogo ili asiwe mzigo kwa wenyeji, vyote kwa kamba ya mpira iliyokatwa katika tyubu kuukuu.

Lakini asiwadanganye mtu kwamba ni safari ya raha. Nchi yetu ni ya vilima na mabonde, na penye kilima kirefu baisikeli yenye mzigo haipandwi, husukumwa. Penye mto wa mchanga, mwenye baisikeli huibeba begani. Katika nyanda za Athi wakati wa mvua, ule udongo mweusi huingia kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na mhubiri anakaa chini kuutoa kwa kijiti. Kisha kuna miiba ya migunga, ambayo haijali kama tairi ni la mhubiri au la mwizi.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa maana katika pancha kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Tairi likitoboka, hutoa tyubu nje, lakini tundu ni dogo, halionekani kwa macho. Fundi atakuambia dawa yake: jaza tyubu upepo, uitie majini kidogo kidogo, na mahali patakapotoa mapovu, hapo ndipo palipo na tundu. Kisha kausha, paruza kwa msasa, paka gundi, ngoja ikauke kidogo, bandika kiraka. Sasa maji hayo yatatoka wapi? Yule mwinjilisti lazima aende kwenye boma lililo karibu, apige hodi, aombe beseni la maji. Nanyi wa Ukambani mwajua maana ya kuomba maji mwezi wa Septemba. Mama wa nyumba hiyo ameyateka mbali kwa punda, au kwa mgongo wake. Kumpa mgeni beseni zima si jambo dogo.

Basi akipewa, ataketi pale nyuani pengine nusu saa. Watoto watakuja kutazama. Mzee atatoka kuuliza huyu ni nani, anatoka wapi, amebeba nini kwenye keria. Hakuhubiri bado, ila ameulizwa, kama vile towashi alivyouliza nabii anasema habari za nani. Tena amekuja akiwa mwenye haja, si mwenye kutoa tu. Wenyeji wamemtendea wema kabla yeye hajawaambia neno. Mgeni wa namna hiyo husikilizwa kwa masikio mengine. Hata Bwana wetu, pale kisimani Sikari, alianza kwa kumwomba maji yule mwanamke Msamaria.

Gari likipita njia hiyohiyo halisimami. Silaumu magari. Mgonjwa apelekwe hospitali kwa gari, na kwaya isafiri kwa basi. Nasema tu kwamba mtu aliye ndani ya gari hawezi kusalimiwa.

Sasa tuvuke mpaka, twende Kigezi, kusini-magharibi ya Uganda, kwa maana huko kuna safari ya baisikeli ambayo haikuwa ya kuhubiri hata kidogo. Katika miaka ya 1930 uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ulikuwa umefika huko. Festo Kivengere alikuwa mwalimu kijana asiyetaka habari za wokovu. Siku moja ya mwaka 1941, akitoka kunywa pombe, alikutana na rafiki yake akija mbio juu ya baisikeli, mwenye furaha kubwa. Rafiki huyo akamwambia kwamba muda mfupi uliopita Yesu amekuwa kweli kwake, akamwomba Festo msamaha kwa mambo waliyoyafanya pamoja. Kisha akaenda zake. Maneno hayo yakamfuata Festo mpaka nyumbani, na siku hiyo akajitoa kwa Bwana.

Lakini palikuwa na Mzungu mmoja aliyemchukia sana. Alipoanza kumpenda Mungu, akaona hawezi kuendelea na chuki ile. Mzungu huyo alikaa mbali, maili 50. Festo akapanda baisikeli yake, akaenda, akamwambia mtu yule wazi kwamba alikuwa akimchukia, akaomba msamaha, wakapatana.

Maili 50 ni kilomita 80, na nchi ile ina milima kuliko hii yetu. Kutoka mjini Machakos mpaka Nairobi ni kama kilomita 65. Basi ni kama kufika Nairobi na bado kuendelea. Hebu fikirini mtu anayesukuma baisikeli juu ya kilima, saa ya nne ya safari, jasho likimtoka, akienda kujishusha mbele ya mtu asiyempenda. Kila kilima kilikuwa mahali pazuri pa kugeuka nyuma, tena kurudi kungekuwa mteremko. Festo Kivengere alikuja kuwa mmishonari na mwalimu huko Dodoma, na tangu mwaka 1972 askofu wa Kigezi. Mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa, alikimbia Uganda pamoja na mkewe, wakivuka milima kwa miguu usiku, kisha akaandika kwamba amemsamehe Idi Amin. Naona alijifunza njia ya msamaha huo zamani, katika safari ile ya baisikeli.

Nimesikia kwamba katika makanisa mengine vijana wanapanga safari za Injili kwa baisikeli, kutoka mji mmoja mpaka mwingine. Ni jambo jema, nami nawatia moyo. Ila msifanye kama mashindano. Kundi likipita vijiji kumi bila kusimama, likiwa na fulana za rangi moja na gari la maji nyuma, hayo ni mazoezi ya mwili, na Paulo alimwandikia Timotheo kwamba faida yake ni ndogo. Pangeni kilomita 40 tu kwa siku, mfike kabla ya saa kumi jioni ili muwatembelee watu. Waandikieni wazee wa kanisa la mahali pale mapema. Laleni katika nyumba za waumini, wala msitafute hoteli. Epukeni barabara kuu ya Mombasa, kwa sababu ya malori, na msiendeshe usiku. Mmoja wenu awe fundi. Na dada zetu wasiachwe. Ziko baisikeli zisizo na chuma cha juu, na kifuniko cha mnyororo hulinda sketi.

Na ninyi wazee wa kanisa na kamati zenu, nina neno moja kwenu. Tumezoea kumnunulia mwinjilisti baisikeli, tukaitoa mbele ya kanisa kwa nyimbo na makofi, na picha zikapigwa. Baada ya mwaka mmoja tairi la nyuma limekwisha, naye anaona haya kusema, kwa kuwa alishapewa. Baisikeli imeegemea ukuta wa jikoni, na makanisa mawili ya mbali hayajamwona tangu mvua za Aprili. Katika hesabu za mwaka wekeni fungu la tairi mbili, tyubu mbili, mnyororo na breki. Fundi wa sokoni atawaambia bei zake. Na Jumapili hii, ibada ikiisha, mzee mmoja amwite mwinjilisti kando, si mbele ya watu, amwulize kama baisikeli yake inatembea.

Tuombe. Ee Bwana, uwaangalie walio njiani leo kwa ajili ya jina lako, waendao kwa miguu na waendao kwa magurudumu. Uwabariki watakaowapa maji. Uwape nguvu wale wenye safari ya kwenda kupatana na ndugu zao, nao bado hawajaondoka nyumbani. Amina.