Polepole Si Rahisi

"Shikamoo mwalimu. Naomba unitafutie nota za chelo na piano, kitu chepesi tu, cha polepole."

Maombi ya namna hii hunifikia mwaka mzima, na Desemba, harusi zinapopamba moto, huja kwa mkupuo. Leo anaandika mzazi ambaye binti yake atapiga kwenye hafla ya shule. Kesho ni bwana harusi mwenye rafiki aliyejifunza chelo "kidogo". Keshokutwa ni mwalimu mwenzangu kabisa, msomaji wa nota, ambaye alipaswa kujua. Maneno hubadilika, ila hayo mawili hayaachani: chepesi, polepole. Kana kwamba ukishapata moja umepata na la pili. Kwa chelo, mara nyingi maneno hayo yamepeana mgongo.

Na kipande kinachotajwa ni kilekile: Le Cygne cha Camille Saint-Saëns, ambacho wengi hukiita Swan. Kilitungwa 1886 kikiwa sehemu ya Le Carnaval des animaux, kazi ya utani ambayo Saint-Saëns hakutaka ichapwe akiwa hai, asije akahesabiwa mtu wa vichekesho. Hicho kimoja tu ndicho alichokiruhusu, kikatoka 1887. Vingine vilisubiri hadi 1922, yeye akiwa kaburini. Nota za chelo zinaenea ukurasa mmoja. Noti zimeachana, mwendo ni wa utulivu, na wimbo wenyewe kila mtu anaujua. Weka ukurasa huo kando ya sonata ya C meja ya Jean-Baptiste Bréval, iliyojaa noti nyeusi zilizobanana, kisha mwulize mzazi kipi ni chepesi. Atakuonyesha Swan bila kusita. Ndivyo mtoto aliyekuwa anaendelea vizuri anavyopelekwa jukwaani kuaibika.

Tuanze na mkono wa kulia, maana huo ndio usiotazamwa na mtu. Upinde wa chelo una takriban sentimita 60 za nywele za kupigia. Hizo ndizo pumzi zako zote. Noti ya nusu sekunde haina shida, unaichukulia kipande chochote cha upinde unachotaka. Noti ya sekunde tano inakutaka uzigawe hizo sentimita 60 kwa hesabu: 12 kila sekunde, na mgao uwe sawa toka mwanzo hadi mwisho. Sasa upinde wenyewe haukusaidii. Kwenye kisigino, pale unaposhikwa, ni mzito; kwenye ncha ni mwepesi. Ukiuacha ujiendee, noti itaanza kwa kishindo na kuishia kwa mnong'ono. Kwa hiyo mkono unaubeba upinde mwanzoni, kisha unaulalia kidogokidogo kadiri ncha inavyokaribia, na msikilizaji asijue kwamba kuna kazi inayofanyika. Ukiburuta upinde taratibu mbali na kidaraja, sauti inakonda na kukatika. Ukisogea karibu na kidaraja ukakandamiza, inakwaruza. Njia iliyo katikati ni nyembamba, na hubadilika kwa kila uzi na kila noti. Halafu upinde unaisha, inabidi ugeuze, na mgeuko huo usisikike.

Katika kipande cha kasi makosa hayo yote yapo, lakini noti inayofuata huyafukia. Hapa hakuna kinachofuata. Kuna wewe na sekunde tano.

Mkono wa kushoto nao una mashaka yake. Chelo haina vyuma shingoni kama gitaa vya kukusahihishia kidole. Milimita chache pembeni na noti imepotoka. Ikipotoka katikati ya mbio, mjomba aliyekaa kiti cha nyuma hana habari. Ikipotoka kwenye noti ndefu, piano ikiwa chini yake imesimama palepale ilipofungwa na fundi, hata mtoto mdogo atageuza shingo. Na noti ndefu inahitaji mtetemo wa kidole ulio laini na wa sawia, kitu ambacho wanafunzi wengi hawajakipata kwa kweli kabla ya kukaa na chombo miaka kadhaa. Bila mtetemo huo Swan inasikika kama mlango usiotiwa mafuta. Noti yake ya kwanza kabisa, G ya juu, iko mbali na mahali ambapo mkono wa anayeanza umezoea kukaa, na hakuna utangulizi wa kujificha: piano inatanguliza kidogo tu, kisha uko peke yako.

Asiyeniamini na awaulize watahini. Mitihani ya muziki ya ABRSM, ambayo hata huku Afrika Mashariki watoto wengi huifanya, ina ngazi 8, na kila ngazi hugawa vipande vya chelo katika orodha. Orodha A ina vile vya kasi vinavyodai wepesi wa vidole. Orodha B ina vile vya kuimbisha. Mtahiniwa huchagua kimoja A na kimoja B katika ngazi ileile, na kila kimoja kina alama 30. Kama cha polepole kingekuwa chepesi, kingeshushwa ngazi. Hakijashushwa.

Imani hii imetoka wapi basi? Nadhani imetoka kwenye ushauri mzuri uliosikika vibaya. Kila mwalimu duniani husema "fanya polepole kwanza", na ni kweli, ndivyo mazoezi yanavyofanywa. Lakini kupiga kipande cha kasi taratibu chumbani si sawa na kupiga kipande kilichotungwa kiwe cha taratibu. Chumbani unabadilisha upinde unapotaka, unasimama, unakuna kichwa, na hakuna anayedai sauti iwe nzuri. Jukwaani sauti nzuri ndiyo kipande chenyewe. Mwendesha baiskeli anaelewa haraka: kwenda kasi hakuangushi mtu, kinachoangusha ni kwenda pole kwenye msongamano bila kugusa mguu chini.

Sasa niseme juu ya dawa ya uongo, maana ndiyo inayonichosha zaidi. Mtu akishaambiwa Swan ni ngumu, huenda kununua au kupakua "toleo lililorahisishwa". Nimeyapitia matoleo mengi ya namna hiyo, na karibu yote hufanya yaleyale mawili: hushusha ngazi ya wimbo ili mkono wa kushoto usipande juu, na huondoa mkimbio mmojawapo wa noti. Noti ndefu hazijaguswa. Mgao wa upinde ni uleule, mtetemo ni uleule, mgeuko ni uleule. Kilichoondolewa ni kile ambacho mwanafunzi angeweza kujifunza kwa wiki chache akionyeshwa vidole. Kilichobaki ni kile kinachomshinda. Juu ya hayo, ukishusha wimbo unauhamishia kwenye nyuzi nene, ambazo ni nzito zaidi kuitikia upinde wa polepole. Umelipa pesa kuongezewa ugumu.

Wapo wanaojitibu kwa kuongeza mwendo ili upinde utoshe. Matokeo yake ni wimbo wa kubembea, na bibi harusi anafika mbele dakika nzima kabla ya hesabu ya mshereheshaji.

Anayetaka kuona jambo hili likifika mwisho kabisa na amsikilize Olivier Messiaen. Katika Quatuor pour la fin du temps, aliyoimalizia akiwa mfungwa wa kivita katika kambi ya Stalag VIII-A, Görlitz, na ikapigwa humo kwa mara ya kwanza tarehe 15 Januari 1941, sehemu ya tano ni ya chelo na piano tu. Mwendo alioandika unamaanisha polepole pasipo mwisho. Kwa macho ukurasa huo ni mweupe, hata mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuzitaja noti zake. Wapigaji wazoefu huuogopa. Na kuna sababu: wimbo huo Messiaen aliuchukua kwenye kazi yake ya 1937, Fête des belles eaux, aliyoiandikia ondes Martenot, ala za umeme. Ala ya umeme haina upinde unaoisha. Noti inadumu kadiri unavyotaka. Alipoukabidhi kwa chelo, aliikabidhi pia kazi ya kujifanya haina mwisho, ikiwa na zile sentimita 60. (Messiaen alipenda kusimulia kwamba chelo ya kambini ilikuwa na nyuzi tatu tu. Étienne Pasquier, aliyeipiga, alisema zilikuwa nne. Mimi namwamini mwenye upinde.)

Spiegel im Spiegel ya Arvo Pärt, ya 1978, ni mtego wa ukoo huohuo, na sasa imekuwa kipenzi cha mazishi na harusi pia. Wanaoiomba huniambia kwa furaha kwamba "haina kitu". Ni kweli haina kitu, na ndiyo maana hakuna pa kujificha.

Mpiga piano naye huhukumiwa kwa kosa lilelile. Sauti ya piano huanza kufa mara tu kibonyezo kinapoguswa, haiwezi kukua kama ya chelo. Katika kipande cha polepole anapaswa kuipima kila noti dhidi ya kufa kwa ile iliyotangulia, kwa sauti ndogo, bila hata moja kuruka juu ya wenzake. Kwenye Swan kuna zaidi: Saint-Saëns aliandika piano mbili, na kwenye toleo la piano moja mtu mmoja anatiririsha noti mfululizo toka mwanzo mpaka mwisho. Kisha anapelekwa kanisani akute kinanda cha umeme chenye vibonyezo 61 badala ya 88, pedali imepotea, na msemaji anampigia saa.

Haya, la kufanya. Kabla ya kuchagua chochote, washa metronomu kwenye 60, piga uzi wa G ukiwa wazi, upinde mmoja kwa hesabu nane, urekodi kwa simu na usikilize. Sauti ikitetereka au ikikatika, vya polepole viache muhula huu. Ikidumu, jaribu kumi na mbili, ndipo tuzungumze. Kwenye ukurasa tafuta noti ndefu kuliko zote na noti ya juu kuliko zote, kabla ya kuhesabu noti nyeusi. Ufunguo wa tenori ukitokea na mpigaji anajua wa besi tu, funga kitabu. Kwa anayeanza kupanda, Bréval niliyemtaja na sonata ya E mainari ya Bernhard Romberg zinasikika za wakubwa na vidole havitaabiki sana, na mpiga piano wa wastani anazimudu. Sonata za Vivaldi ni nzuri, ila ujue yeye aliandika besi tu, mkono wa kulia wa piano ni kazi ya mhariri, kwa hiyo linganisha matoleo na uchukue lenye noti chache. Wa kati wachukue Tarantella ya W. H. Squire, inatisha ukumbini kuliko inavyotisha mikononi. Élégie ya Fauré ni ya walioiva. Sonata za Brahms, Chopin na Rachmaninoff usiziguse kama huna mpiga piano aliyeiva, hata wewe uwe umeiva vipi, kwa sababu yeye ndiye mwenye mzigo. Si jambo geni: jalada la sonata mbili za kwanza za Beethoven, zilizotoka 1797, lilitaja kinanda kwanza na chelo baadaye. Koncheto ikiwa na piano, kumbuka piano hiyo ni okestra nzima iliyobanwa kwenye mikono miwili, na mpiga piano ana ruhusa ya kuacha noti. Mwambie hivyo, atakushukuru.

Kuhusu kupakua: nota za watunzi waliokufa zamani zinapatikana bure na kihalali kwenye tovuti ya IMSLP, sina ugomvi nayo. Lakini chukua chelo na piano kutoka toleo moja. Mara nyingi watu huja na chelo ya mhariri huyu na piano ya yule, alama za mazoezi hazilingani, na safari nyingine hata ngazi hailingani, mmoja yuko G na mwenzake F. Na chapa vyote viwili: mpiga piano anahitaji nakala yenye mstari wa chelo juu ya wake, mpiga chelo anahitaji karatasi yake peke yake.

Kwa harusi yenyewe, kama mpigaji wako amejifunza miaka miwili tu, achana na Swan. Mpe kipande cha mwendo wa kutembea, noti za wastani, kwenye nyuzi za katikati. Wageni hawatauliza kwa nini hukupiga kile kingine. Na nota za piano zimfikie mpiga piano wiki tatu kabla. Ukimtumia picha ya simu usiku wa kuamkia sherehe, usinitafute asubuhi.