Benaco: Mji Uliozaliwa kwa Siku Moja

Mitaa mingi ya nchi yetu ilipata majina yake kwa mzee aliyefyeka pori, au kwa mti, au kwa kisima. Benaco, katika wilaya ya Ngara, ilipata jina lake kwa kampuni ya Kitaliani iliyojenga barabara pande hizo. Wajenzi walikwenda zao, wakaacha bwawa la maji na jina.

Kwa ajili ya maji hayo mahali hapo palipata kujulikana duniani. Tarehe 28 Aprili, 1994, watu waliokimbia mauaji na vita vya Rwanda walianza kuvuka daraja la Rusumo, juu ya mto Kagera uliokuwa ukichukua maiti. Katika muda wa siku moja hivi walivuka watu wapatao 250,000. Wakapelekwa Benaco, na kabla mwezi haujaisha ikasemwa kwamba ni Dar es Salaam tu iliyoushinda mji huo wa mahema kwa wingi wa watu.

Wenyeji, Wahangaza na Washubi, hawakuhitaji mkalimani, kwa kuwa Kihangaza na Kinyarwanda ni lugha za udugu. Lakini ukarimu nao una mzigo wake. Wageni waliwazidi wenyeji wa wilaya nzima kwa hesabu. Miti ikakatwa kwa ajili ya kuni, hata mwanamke wa Kasulo akawa hana budi kwenda mbali kutafuta mafiga yake yatawashwa kwa nini. Tusisahau pia kwamba wengine walipata faida: palitokea soko, kazi za mshahara, na wanunuzi wa ndizi.

Kulikuwa na jambo zito zaidi. Miongoni mwa waliokimbia walikuwamo na wauaji wenyewe, na chakula cha msaada kiligawiwa mwanzoni kupitia viongozi walewale waliotoka nao. Basi mjane na aliyemfanya mjane waliweza kusimama katika safu moja ya kungojea mahindi. Nadhani hapo ndipo penye aibu ya jambo hili, wala si aibu ya watu wa Ngara.

Mwezi wa Machi, 1995, Serikali ilifunga mpaka. Desemba, 1996, iliwataka Wanyarwanda wote warudi kwao kabla mwaka haujaisha. Wengi waliondoka kambini wakielekea ndani ya nchi. Askari wakawarudisha, na zaidi ya watu 400,000 wakavuka tena Rusumo, kwa miguu, vitu vichwani. Wako waliokwenda kwa furaha, na wako waliokwenda kwa hofu.

Mahema yameondoka. Benaco iliyobaki ni kitongoji cha kando ya barabara, chenye maduka na nyumba za kulala wageni, na malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda hupita hapo usiku na mchana.